SIMU, SAUTI NA WAZEE WETU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka, Kampala





Katika mikutano yetu tumezoea kusikia maneno juu ya elimu ya vijana, juu ya ujenzi wa misikiti na madarasa, na juu ya biashara. Hayo yote ni mema, wala sina nia ya kuyapunguza. Lakini leo naomba ruhusa tuyaweke kando kwa muda mfupi, tuwatazame wale waliotutangulia kuyafanya, yaani wazee wetu. Na katika mambo ya wazee sitasema juu ya chakula chao wala mavazi yao, bali juu ya nyoyo zao. Na katika njia za kuzituliza nyoyo hizo, nitasema juu ya chombo kimoja ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni hivi sasa, na ambacho natumaini amekizima sauti: simu ya mkononi.

MAWAZO SI UZEE

Katika mji huu wetu, ukiuliza khabari za mzee aliyebadilika, asiyekula vizuri, asiyepata usingizi, asiyetaka kutoka chumbani mwake, utajibiwa kwa maneno mawili: "Ana mawazo." Ndugu zetu Waganda nao husema ana ebirowoozo, na maana ni hiyo hiyo. Maneno haya ni mazuri kwa kuwa hayamwaibishi mtu. Lakini yana ubaya wake pia, kwani tukishayatamka huona kwamba tumekwisha kueleza kila kitu, na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Wengine huongeza, "Ni uzee tu."

Waliosoma utabibu hawakubaliani nasi. Wao wasema kwamba kuzeeka si maradhi, na kwamba huzuni isiyokwisha si sehemu ya uzee kama mvi zilivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wapatao 14 wana maradhi ya nafsi ya namna moja au nyingine, na yaliyo mengi ni huzuni nzito na wasiwasi. Tena mwezi wa Juni 2025 Shirika hilo hilo lilitoa taarifa juu ya upweke, likasema kwamba duniani mtu mmoja katika kila sita ana upweke, na kwamba upweke hauumizi moyo peke yake, bali huongeza khatari ya kiharusi, ya maradhi ya moyo, ya kisukari na ya kupungukiwa na kumbukumbu, na huyafupisha maisha.

Naomba tutofautishe kuwa peke yako na kuwa mpweke. Mtu aweza kuishi peke yake naye akawa na furaha, kwa kuwa ana watu wa kumjulia hali. Na mwingine aweza kuishi katika nyumba yenye wajukuu wanane, kelele asubuhi na jioni, naye akawa mpweke kuliko mlinzi wa usiku, kwa kuwa hapana hata mmoja anayemwuliza neno ila "Jaja, ufunguo uko wapi?" Wapweke wengi wa Kampala ni wa namna hii ya pili, na ndiyo maana hatuwaoni.

WAZEE WETU NI NANI

Hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilikuta Uganda ina watu milioni 34.6, na katika hao wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa wapatao milioni 1.4. Hesabu ya mwaka 2024 ikakuta watu milioni 45.9, na nusu hivi ya hao ni watoto chini ya miaka 18. Nchi yetu basi ni nchi ya vijana, na katika nchi ya vijana mzee husahauliwa kwa urahisi, si kwa chuki, bali kwa wingi wa kelele.

Mfikirini mtu aliyezaliwa mwaka 1950. Alikuwa na miaka 12 nchi ilipopata uhuru, na miaka 21 jeshi lilipotwaa serikali mwaka 1971. Ameiona vita ya mwaka 1979, na vita vilivyofuata mpaka mwaka 1986. Kisha, alipodhani kwamba sasa atapumzika, ukaja ukimwi, ukawachukua watoto wa nyumba nyingi, na wazee wakaanza upya kulea watoto wa watoto wao. Watu wa namna hii hawakupata nafasi ya kukaa wakahuzunika. Walizika, wakafuta machozi, wakarudi kutafuta karo ya shule. Huzuni ambayo haikupewa nafasi ujanani huja kuidai nafasi yake uzeeni, magoti yanapokataa kwenda na mchana unapokuwa mrefu.

Nasi Waislamu tulikuwa na njia yetu ya kujuliana hali, nayo ni safu ya sala. Mzee akikosa Ijumaa moja, jirani yake wa safuni huuliza. Akikosa mbili, humwendea nyumbani. Njia hii ni nzuri sana, lakini ina mapungufu mawili. La kwanza, mji umetapanyika: aliyekuwa akisali Old Kampala au Kibuli amehamia kwa mwanawe Nansana au Mukono, na huko safu haimjui. La pili, na hili ni kubwa zaidi, mama zetu wengi hawakuwa katika safu hiyo tangu mwanzo. Wao walijuana katika maulidi, harusini na matangani. Hajjati asiyeweza tena kupanda boda boda kwenda matangani hakosekani kwa yeyote, kwani hapana mahali palipoandikwa kwamba alitazamiwa kufika.

Mwaka 2020 ulituonyesha jambo hili waziwazi. Mwezi wa Machi mwaka ule nyumba za ibada zilifungwa kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa tena mwezi wa Septemba idadi ya waumini iliwekewa mpaka wa watu 70. Kwa miezi ile sote tulikuwa kama wazee: hatuwezi kutoka, hatutembelewi, twasubiri sauti kutoka nje. Sisi yetu yalikwisha, magari yakarudi barabarani tukatoka. Wapo ambao yao hayajakwisha hadi leo.

SIMU ILIVYOINGIA NYUMBANI

Simu za mkononi zilianza Uganda mwaka 1995 na kampuni ya Celtel, nazo zilikuwa za wakubwa na matajiri. MTN ilipokuja mwaka 1998 zikaanza kuenea, na mwaka 2009, ulipoanza mtindo wa kutuma fedha kwa simu, hapakubaki kijiji ambacho hakikuona faida yake. Kabla ya hapo, mtoto aliye Kampala aliyetaka kumpelekea mama yake fedha Masaka au Arua alimtafuta dereva wa basi mwaminifu, akaitia bahasha mkononi mwake, akaomba dua. Leo humaliza kazi hiyo akiwa amesimama mbele ya kibanda cha wakala, na kabla hajaondoka mama amekwisha kupata khabari.

Mtaalamu mmoja wa mambo ya jamii kutoka Chuo Kikuu cha London, Bibi Charlotte Hawkins, alifanya uchunguzi wake katika mtaa mmoja wa Kampala miaka ya 2018 na 2019, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2023, Ageing with Smartphones in Uganda. Mtaa wenyewe aliuficha jina akauita Lusozi, yaani kilima. Alieleza jinsi watu wa mjini wanavyowatunza wazee wao walio mbali kwa simu: dawa, gharama za hospitali, chakula, yote hupangwa na kulipwa kwa simu. Basi anayesema kwamba simu imeyaua mapenzi ya jamaa hajasema kweli yote. Kwa nyumba nyingi simu ndiyo iliyoyashika mapenzi hayo yasikatike.

Lakini yatupasa tuseme na upande wa pili. Mzee asiye na salio hubipu: huita mara moja akakata, ili apigiwe. Zamani kubipu kulikuwa na maana nyingi: nimefika, nakusalimu, nipigie. Siku hizi watoto wengi wamezoea kuichukua kwa maana moja tu, kwamba mzee anataka fedha. Basi mtoto akiona jina la mama kwenye kioo, hutuma shilingi 20,000 bila ya kupiga, na moyoni huona amekwisha kumtendea mema. Mama hupokea fedha, wala hapati sauti. Baada ya muda hutambua kwamba akisema ana shida hutumiwa fedha, na akisema anaumwa hupigiwa. Naye aliyekuwa akitaka mazungumzo ya dakika tano huanza kuumwa: leo mgongo, kesho kifua, kesho kutwa miguu. Wala hasemi uongo. Mwili wake umeufuata mlango ule mmoja ulioachwa wazi.

Ndugu zangu, neno langu la leo ni hili. Simu tumeifanya mkono wa kutoa, na mkono huo ni mwema. Lakini chombo hiki kiliundwa kiwe sikio na ulimi. Fedha hulijaza tumbo la mzee. Kinachomtuliza moyo ni sauti ya mtu anayemjua na asiyemharakisha.

Na hapa nawataja khasa mabinti na vijana wetu walio kazini Saudia, Imarati, Oman na Qatar. Wazee wao hawalali kwa ajili yao. Hulala na simu chini ya mto, wakikhofia isilie na wakikhofia ikilia. Saa ya Riyadh na saa ya Kampala ni moja. Aliyeko huko akipiga baada ya Isha, hapa pia ni baada ya Isha. Sauti ya binti ikisema "Mama, mimi mzima, leo nilipika wali" humpa mzee usingizi ambao fedha hazimpi.

WALIVYOFANYA WENGINE

Mtu aweza kuuliza: je, maneno haya yana ushahidi, au ni huruma tu? Nitatoa mifano mitatu.

Uingereza, mwaka 2013, mtangazaji wa televisheni Bibi Esther Rantzen, baada ya kuandika hadharani juu ya upweke wake mwenyewe alipokuwa mjane, alianzisha Silver Line, simu ya bure ambayo mzee aliweza kuipiga usiku na mchana akazungumza na mtu. Yatupasa tutafakari kwamba nchi tajiri kama ile, yenye malipo ya uzeeni na nyumba za kuwatunza wazee, ilihitaji kitu cha namna hii.

Mfano wa pili ni wa Marekani, katika jimbo la Texas. Mwaka 2020, wakati wa korona, wataalamu wa chuo cha utabibu cha mji wa Austin walichukua watu 240, walio wengi katika hao wakiwa wazee, ambao walikuwa wakiletewa chakula majumbani mwao. Nusu yao walipigiwa simu kwa muda wa wiki 4, na nusu hawakupigiwa. Waliokuwa wakipiga hawakuwa matabibu. Walikuwa vijana 16, wenye umri wa miaka 17 hadi 23, waliofundishwa kwa muda mfupi namna ya kusikiliza. Siku 5 za kwanza walipiga kila siku. Baadaye mzee mwenyewe alichagua apigiwe mara ngapi, lakini si chini ya mara 2 kwa wiki. Mwezi ulipokwisha, waliopigiwa simu walionekana kupungukiwa na upweke, na huzuni, na wasiwasi, kuliko wale ambao hawakupigiwa. Khabari hizi zilichapishwa mwaka 2021. Angalieni vizuri: wazee hawa chakula walikuwa nacho. Kilichowaongezea nafuu ni kijana mwenye adabu kwenye simu.

Mfano wa tatu ni wa Afrika yetu, nao naupenda kuliko yote. Zimbabwe, mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, Daktari Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi wa nafsi na matabibu wachache mno. Akawachukua mabibi wazee 14 waliokuwa wakijitolea katika mambo ya afya, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kuikabili taabu yake moja baada ya moja. Mabibi wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, nalo maana yake ni kuwaza mno. Ni ndugu wa haya mawazo yetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, katika waliokaa na mabibi wale wapatao 14 tu kwa mia walikuwa bado na dalili za huzuni nzito, na katika waliopata matibabu ya kawaida walikuwa karibu 50 kwa mia.

Mfano huu wa Harare una fundisho la ziada. Pale wazee hawakuhurumiwa; walipewa kazi. Nasi basi tusidhani kwamba mzee ni wa kupigiwa tu. Hajjati aliyelala kitandani kwa ajili ya miguu bado ana masikio na ana hekima, naye aweza kumpigia mwenzake.

KHATARI ZAKE

Chombo chenye manufaa hakikosi madhara, na si haki kuyaficha.

La kwanza ni wezi. Wote mwawajua wale wanaopiga wakasema, "Mzee, nimekutumia fedha kwa makosa, tafadhali nirudishie," au "Umeshinda zawadi, nitajie namba yako ya siri." Hasara ya fedha ni ndogo kuliko hasara ya moyo: mzee aliyedanganywa huona haya kuwaambia wanawe, hujiona amekwisha kuwa mjinga, na tangu siku hiyo huiogopa simu. Kwa hivyo mtu wa namna hii asichekwe. Na wazee wote wafundishwe neno moja tu: namba ya siri hatajiwi mtu, hata akisema yeye ni imamu.

La pili ni khabari za uongo na za kutisha zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp. Kijana husoma akapita. Mzee asiyelala husoma saa nane ya usiku, akakesha.

La tatu ni gharama. Kuanzia mwezi wa Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa wanaotumia mitandao ya WhatsApp na mfano wake, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya intaneti. Mpango wa serikali wa fedha za wazee, ujulikanao kwa jina la SAGE, uliweka shilingi 25,000 kwa mwezi, na ulipoenezwa nchi nzima ulikuwa wa waliotimiza miaka 80. Mwenye miaka 70 aliachwa nje. Basi tusimtwike mzee simu ya bei kubwa inayokula fedha kila siku. Simu ndogo ya tochi, yenye vitufe vikubwa na betri inayokaa siku nne, yamtosha. Na gharama ya kupiga iwe juu yetu.

La nne ni mwili wenyewe. Masikio hupungua. Mzee akijibu mambo mengine kuliko uliyouliza, usikate simu kwa kuchoka. Sema polepole, kwa sauti nzito, neno moja moja. Akiwa hasikii kabisa, hapo simu haina kazi, na miguu yako ndiyo itakayotumika.

PALIPO NA HAJA YA TABIBU

Sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba maradhi yote ya nafsi huponywa kwa mazungumzo. La. Huzuni nyingine ni nzito, nayo yataka dawa na tabibu, kama malaria inavyotaka dawa. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955, na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa tusi vinywani mwetu: mtu akikosana na mwenzake humwambia aende Butabika. Maneno haya yamewafanya wengi kuwaficha wagonjwa wao mpaka maradhi yakakomaa. Sheria mpya ya afya ya akili ya mwaka 2018 ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1964, nayo yamtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki zake. Nasi tuibadilishe sheria ya ndimi zetu. Hospitali za mikoa nazo zina idara za maradhi ya akili, na hata simu yenyewe yaweza kuwa njia ya kumfikia tabibu: hapa Kampala tangu mwaka 2012 kampuni ya The Medical Concierge Group imekuwa ikiwaunganisha wagonjwa na matabibu kwa simu.

Dua ni silaha ya muumini, na kisomo kina baraka zake. Lakini anayesoma dua na anayeandika dawa hawagombani. Mgonjwa ana haki kwa wote wawili.

Dalili za kuangalia ni hizi: mzee kuacha kula au kupungua mwili kwa wiki kadhaa; kukosa usingizi au kulala mchana kutwa; kuacha mambo aliyoyapenda; kusahau njia ya nyumbani; kulia bila ya sababu. Na dalili iliyo kubwa kuliko zote ni mzee kusema kwamba amechoka kuishi, au kwamba watu watapumzika yeye akiondoka. Akisema hivyo asikemewe, wala asisomewe hotuba juu ya imani yake. Aulizwe kwa upole, asikilizwe mpaka mwisho, asiachwe peke yake, na siku ile ile apelekwe kwa tabibu.

SHAURI LANGU

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja kusema tu. Naleta shauri mbele ya mkutano huu.

Kwanza, kila msikiti wetu uandike daftari la wazee wake, wanaume na wanawake, na khasa wale ambao hawaonekani tena. Liandikwe jina, mahali anapoishi, namba ya simu, na kama simu si yake, ni ya nani, kwani wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu.

Pili, tupate vijana wa kujitolea. Tuseme wazee ni 60 na vijana ni 20. Kila kijana atakuwa na wazee 3. Wiki ya kwanza wapige kila siku ili wazoeane, kisha mara 2 kwa wiki, dakika 10 kila mara. Hesabu yake ni saa moja tu kwa wiki. Hapana kijana hapa asiyepoteza saa moja kwa siku akiitazama simu hiyo hiyo. Wanawake wapigiwe na wanawake, na wanaume na wanaume.

Tatu, vijana hao wafundishwe na mtu wa afya, na wawe na masharti yao. Apige siku na saa aliyoahidi, kwani mzee hukaa akiingoja. Asianze kwa kuuliza maradhi. Aulize amekula nini, amemwona nani, na zamani mtaa ule ulikuwaje. Aombe shauri lake, kwa kuwa mzee anayeombwa shauri hukumbuka kwamba yeye ni mtu. Asizungumze juu ya fedha hata kidogo, wala michango ya Jumuiya isipitishwe katika simu hizo. Atakayoambiwa ni amana, isipokuwa dalili zile za khatari, ambazo atazifikisha kwa kamati mara moja.

Nne, wazee wenye nguvu ya sauti nao waingizwe katika zamu, kama mabibi wa Harare.

Tano, gharama ya salio ilipwe na mfuko wa Jumuiya, na kamati itoe hesabu yake mbele yenu mwakani.

Najua atakuwapo wa kusema, "Simu itaua ziara, watu wataridhika kupiga, hawatakwenda." Naikubali khofu hiyo. Lakini kwa sasa wengi wetu hatupigi wala hatuendi. Daftari na simu zitatuonyesha nani anahitaji mguu wetu, na anauhitaji leo au kesho kutwa. Aliyezungumza na mzee Jumatatu na Alkhamisi, hawezi kwa urahisi kuupita mlango wake Jumamosi.

Nimalizie kwa ndugu zangu wenye wazazi walio hai. Mafundisho ya Suratul Israi juu ya wazazi waliofikia uzee mwayajua kuliko mimi, wala sina haja ya kuyarudia mbele ya Masheikh. Nasema neno dogo tu la matumizi. Kabla hujamtumia mama fedha, mpigie. Na ukisha kumtumia, mpigie tena, usimwulize kama zimefika, mwulize ameamkaje. Na siku akibipu, usiitafsiri kwa haraka. Huenda hana shida yoyote ila ya kukusikia.

Daftari la kujiandikisha, wanaopiga na wanaopigiwa, liko mezani mlangoni. Naomba mtu asitoke kabla hajaandika jina lake, au la mzee mmoja anayemjua.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu utulivu wa nyoyo, awarehemu waliotangulia, na atujaalie nasi, tukiufikia umri huo, tupate wa kutujulia hali. Amin.